Kilemba cha Gunia

Nilishuka Kibaigwa na sanduku la mawe ya shaba:
kilo tano, kilo mbili, kilo, nusu, robo,
kila moja limelala katika kishimo chake cha kitambaa
kama meno ya mtu asiyetafuna ovyo.

Upepo wa Kongwa ulikuwa unapepeta pumba sokoni
na kutupaka sote rangi moja,
mkulima, dalali, kuli,
na mimi mwenye kitambulisho kifuani.

"Lumbesa ni marufuku," nikasema.
Ndahani, dalali, akacheka bila ubaya,
akanivutia kreti tupu la soda:
"Keti, mkaguzi. Marufuku ya wapi?
Hapa tulifanya mkutano. Wakulima walikuwepo,
mikono ilinyooshwa, muhtasari ninao.
Soko lina shabaha yake: malori yaje.
Gunia likivuliwa kilemba, malori yanaishia Gairo,
na mahindi yako ya haki yanabaki chakula cha dumuzi.
Chema ni kile kinachotufikisha.
Nenda soko jingine, utakuta chema kingine."

Nikatafuta jibu. Kanuni ninayo, namba ya kifungu ninayo,
lakini kifungu nacho kilizaliwa mkutanoni,
mkutano mkubwa zaidi tu, wenye viyoyozi.

Sechelela alikuwa ameketi juu ya gunia lake,
debe sita ndani, la saba limefumiwa juu
kwa kamba za katani.
"Hiki si kilemba cha ukoka," akasema. "Haya ni mahindi.
Debe sita nimeuza. Hili la saba nimemlimia nani?"
"Ulinyoosha mkono," Ndahani akamkumbusha.
"Nilinyoosha. Mtoto alikuwa na homa,
na lori lilikuwa moja."

Ndipo Makasi, kuli, ambaye hakuna aliyemuuliza,
akainama, akatwikwa, magoti yakatikisika,
akapanda ubao, akashuka, akajifuta shingo kwa shati:
"Vifungu mimi sivijui. Ila mgongo huu
haukuhudhuria mkutano."

Soko likanyamaza, kiasi cha mtu kumeza mate.
Kisha kelele zikarudi mahali pake.
Nilimwandikia Ndahani faini. Alilipa papo hapo,
akaikunja risiti vizuri, akaiweka pamoja na nyingine.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa upande safi.
Lakini bibi yangu, kule Mvumi, mwaka wa njaa,
aliuza mtama kwa kibaba
alichokibonyeza kitako kwa jiwe.
Ule upungufu, punje baada ya punje,
ndio ugali ulionipa mifupa hii.
Nyumbani hatukuuita wizi. Tuliuita akili.
Na kulikuwa na mtoto mwingine, wa mnunuzi,
aliyelala na tumbo lililopungua
kiasi cha lile bonyeo,
na kwao bila shaka waliliita jina jingine.
Nimewahi kuyaweka majina hayo mawili
kwenye mizani, usiku, nikishindwa kulala.
Sindano haikusogea.
Niliporudisha kibaba chenyewe, ilisogea.

Mawe yangu hukaguliwa kila mwaka
kwa mawe yaliyofungiwa Dodoma mjini,
na ya Dodoma kwa mengine, na hayo kwa mengine ng'ambo;
na lile la mwisho kabisa, lisilo na mwenzake,
hukaguliwa na nani?
Watu waliketi wakaitunga kilo. Wangeweza kuitunga
kubwa zaidi, ndogo zaidi, kwa shabaha zao.
Makasi angeinama vile vile.
Au ndivyo ninavyotaka kuamini,
kwa kuwa nalipwa mshahara niamini hivyo.

Usiku, gesti, umeme umekatika.
Nilifungua sanduku kwa kupapasa,
nikatoa jiwe moja, sijui lipi,
nikaliweka kiganjani.
Nje lori lilikuwa linaondoka kuelekea Morogoro,
springi zikilalamika kwenye kila tuta.
Mkono haukusema kilo, haukutaja kifungu.
Ulishuka kidogo.